Fungu la Shangazi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, huko mlimani Kirua Vunjo, nilitokwa na uvimbe chini ya taya la kushoto, na sababu yake niliijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimekula shingo ya mbuzi isiyo yangu.

Asiyetoka kwetu atacheka, kwa hiyo nieleze. Mbuzi wa Krismasi kwetu haliwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, hata jirani aliyeshika miguu wakati wa kuchinja ana chake. Katika ukoo wetu shingo ilikuwa ya shangazi. Na Bibi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, alitufundisha kwamba ukila fungu la mtu bila ruhusa, mwili wako utakushtaki: ukila mguu wake utavimba mguu, ukila ubavu wake utavimba ubavu. Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyotumia kutukumbusha kufunga banda la kuku. Hakuna aliyebisha.

Mwaka ule Shangazi Ndeshi hakupanda mlimani kwa Krismasi. Alikuwa fundi cherehani, amepanga chumba Majengo, chini mjini, na sare za shule zilikuwa zimemzidi. Bibi akaitundika shingo yake juu ya moto wa kuni ikaushwe na moshi. Mimi ndiye niliyekuwa nachochea moto huo. Kila nikichochea, nilinyofoa kidogo tu. Shangazi alipofika Januari, alikuta mfupa na kamba. Bibi alimtukana paka siku nzima, nami nikaitikia kwa macho makavu kabisa.

Wiki chache baadaye uvimbe ukaja. Ulianza kama tunda la kahawa, ukafika limau dogo. Haukuuma, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana kidonda kinachouma unajua kinataka nini. Jioni nilipata homa. Sketi ya shule ikaanza kunivuka kiunoni.

Bibi hakukimbilia kunishtaki. Kwanza alisema ni tezi tu, watoto huvimba tezi wakiwa na jino bovu au kidonda kichwani, kisha zinanywea zenyewe. Akanikagua meno, akanipekua nywele, hakuona kitu. Akanipaka samli ya moto shingoni. Akanichemshia mnafu, ile mboga yetu chungu, nikawa nanywa mchuzi wake huku nimeziba pua. Na maziwa. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinipa kikombe kila asubuhi, yakiwa bado na joto la kiwele, kwa sababu aliamini ukiyachemsha unayaondolea nguvu. Sasa vikawa vikombe viwili. Nilikuwa naugua, lakini nakiri nilijiona mfalme.

Mwezi ulipopita bila nafuu, aliniita jikoni.

"Wewe, niambie kweli. Ulikula fungu la nani?"

Nikaangua kilio. "La shangazi, Bibi. Si paka."

Hakunichapa. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Kesho tunashuka Majengo. Utatamka mwenyewe, kwa mdomo wako."

Sikulala vizuri. Niliamini kabisa kwamba shangazi akikataa kunisamehe, nitakufa.

Tulimkuta kwenye cherehani yake, pini zimejaa mdomoni. Hata sijakaa, nikatamka: "Shangazi, nilikula shingo yako."

Alitema pini mkononi akacheka mpaka akashika meza. "Mama! Umemshusha mtoto mgonjwa toka mlimani kwa ajili ya shingo? Mimi hiyo shingo hata siipendi. Mifupa mitupu! Nilikuwa nakula kwa heshima yako tu."

Bibi alifunga khanga yake upya.

"Njoo mwanangu," shangazi akaniambia. "Nimekusamehe, umesikia? Nimekusamehe pamoja na mifupa yake."

Sijawahi kufurahi vile. Hapohapo nikapeleka mkono shingoni kuona kama uvimbe umeondoka. Ulikuwepo. Shangazi aliuona mkono wangu, akaja kupapasa mwenyewe, na kicheko kikamwisha.

"Huu una muda gani?"

"Tangu mwezi uliopita," Bibi akajibu. "Lakini sasa umeshamsamehe. Tumpe siku saba."

"Homa anapata?"

"Jioni," nikasema mimi.

"Mama, kesho asubuhi hospitali. Siku saba hapana."

Daktari alikuwa dada mpole. Aliuchoma uvimbe kwa sindano, akavuta majimaji ya kupima. Tuliporudi kuchukua majibu, alisema ni kifua kikuu cha tezi. Bibi akapinga kwamba sikohoi. Daktari akamweleza taratibu kwamba ugonjwa ule unaweza kukaa kwenye tezi bila kugusa mapafu, na kwamba unapona, ila vidonge ni miezi sita bila kuruka hata siku moja. Kisha akauliza kama nyumbani tunachemsha maziwa.

"Yangu hayachemshwi," nikajibu kwa majivuno. "Bibi ananipa ya dawa."

Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa huweza kuleta uvimbe wa namna ile, ingawa hakuna wa kuthibitisha kama ndiko nilikoupata. Bibi aliitikia kwa kichwa. Tukapanda mlimani kurudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alikuja akapiga magoti kando ya kitanda changu, ameshika jani la isale kwa mikono miwili, amelifunga fundo. Isale hupandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo, na kwetu aliyekosa kosa zito humpelekea jani hilo aliyemkosea. Ukipelekewa, huruhusiwi kukataa. Nilikuwa nimewaona wazee wakipeana kwa ugomvi wa ardhi. Sikuwa nimeona mzee akimpa mtoto.

"Nilikupa kwa kukupenda," alisema. "Lakini aliyekupa ni mimi. Nisamehe, mjukuu wangu."

Nikasema neno pekee nililowasikia wakubwa wakilisema mtu anapowainamia: "Marahaba." Bibi hakucheka. Aliniwekea jani kiganjani, akainuka kwa taabu kwa sababu ya magoti, akaenda kuchemsha maziwa.

Miezi sita alisimama mbele yangu mpaka nimeze kila kidonge, kisha akanipa bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Uvimbe uliisha. Imani yake ya mafungu hakuiacha mpaka alipofariki, na sikuona haja ya kumwachisha. Angeweza kabisa kuilaumu ile shingo, na kijiji kizima kingemuunga mkono, nami wa kwanza.

Sasa nina watoto wawili. Nimeshawakosea mara nyingi, na kila mara nimejiambia kwamba nilifanya kwa kuwapenda, nikaishia hapo. Bibi hakuishia hapo.