Mpiga Mbizi Aliyezimisha Moto wa Bafu

Jioni ya kwanza bila simulizi, bafu la umma la Matsunoyu lilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Maji yalichuruzika, ndoo za mbao ziligonga sakafu, mtu akakohoa upande wa wanaume na kikohozi chake kikaruka ukuta hadi kwa wanawake. Basi. Juu ya kiti kirefu cha mlangoni, kinachotazama pande zote mbili, Tamayo alikaa mikono mapajani, akipokea wateja na kuinamisha kichwa. Kitabu chake kilikuwa kimechukuliwa.

Aliletwa mtaa ule wa mifereji, Osaka, Japani, akiwa bibi harusi kutoka shamba. Wakwe wakampandisha kwenye kiti kile, na kwa kuwa kazi yake ni kukaa, akaanza kusoma. Riwaya hakuzitaka.

"Za kutungwa hizo," alisema. "Mimi nataka mtu aliyekula wali kama mimi, halafu akafanya jambo nisilothubutu."

Akasoma maisha ya daktari aliyejitia sumu ya nyoka ili aandike inavyouma. Akasoma ya mjane aliyelea dubu wa sarakasi, wakilala chumba kimoja, na kumbukumbu za mtu aliyezunguka milima yote akitafuta mwangwi mzuri kuliko yote. Kila kitabu kilimwacha na swali. Inakuwaje maisha makubwa namna hiyo yakaenea ndani ya ngozi ya mtu mmoja? Swali hilo lilimzidi nguvu, akaanza kuwamiminia wateja. Alichosoma asubuhi alikisimulia jioni, na kamwe hakuruka kurasa kuchungulia mwisho.

Ukuta wa kati haukufika darini, hivyo sauti moja ilitosha pande zote. Wateja waliacha milango ya vioo wazi kidogo ili wasikie, na mama mkwe wake, Bibi Ishi, aliyechochea tanuri kule nyuma, alinung'unika kwamba kuni zake zinapasha joto barabara ya nje.

Kisha kikaja kitabu juu ya mpiga mbizi. Alikuwa ameshuka ndani ya meli iliyozama, mlango ukajifunga nyuma yake, akabaki na hewa kidogo iliyonasa darini. Tamayo alipofika hapo alisimama juu ya kiti.

"Hewa inakwisha! Anatia kichwa majini, anapapasa ukuta, anatafuta upenyo. Amebana pumzi!"

"Na sisi tubane!" akapiga kelele muuza tofu ya soya, upande wa wanawake.

Wakabana. Pande zote mbili, ndani ya maji yanayounguza, mtaa mzima ukavimbisha mashavu. Muuza tofu aliachia wa kwanza, akicheka. Bwana Hamaguchi, mshona mikeka, mtu mkaidi, hakuachia kabisa. Akawa mwekundu kama pweza wa kuchemsha, kisha akazama taratibu.

Wakamtoa, wakamlaza kwenye mbao, wakampepea. Alipofumbua macho akauliza, "Ametoka?"

"Nani?"

"Mpiga mbizi, nyie!"

Bibi Ishi alikuwa ameshaingia upande wa wanaume, wala hakujali nani yuko uchi. "Mkwe, hapa tunauza maji ya moto, hatuuzi maiti. Lete hicho kitabu. Na usinisimulie maisha ya mtu yeyote humu ndani mpaka nife!"

Tamayo akampa. Kitabu kilipotoka mikononi mwake ndipo wazo lilipomwingia: yeye mwenyewe hakujua kama yule mtu alitoka.

Siku zilizofuata wateja walimnong'oneza mlangoni. "Dada Tamayo, tuambie tu, yu hai?"

"Sijui."

"Acha maringo! Si wewe ndiye msomaji?"

"Haki tena, sijui."

Bwana Hamaguchi alikwenda kuinama mbele ya mlango wa tanuri. "Bibi, kosa ni la mapafu yangu. Yaadhibu haya, umwache mkweo." Bibi akamfungia mlango usoni.

Kwa Tamayo lilikuwa zaidi ya mwisho wa kitabu. Bila simulizi, alibaki mtu wa kupokea na kuinamisha kichwa. Aliyaona maisha yake yakijikunja, akaogopa kwamba hayatakunjuka tena.

Jumamosi, bafu likiwa limefurika, sauti ikapanda: "Maji yamepoa!"

"Na huku!"

"Bibi Ishi, leo unatuosha na chai ya jana?"

Tamayo akaruka chini, akakimbilia tanuri akihofia bibi ameanguka. Alimkuta ameketi juu ya rundo la kuni. Moto ulikuwa umebaki makaa. Kitabu alikuwa amekiinamisha kwenye mwanga wake mwekundu, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Bibi Ishi hakusoma sana shule. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mama, moto umezimika."

"Nyamaza. Anagonga."

"Nani?"

"Nani tena! Anagonga chuma kwa nyundo, na wenzake juu hawasikii. Viziwi wakubwa!" Akageuza ukurasa, akakwama kwenye maandishi magumu, akamsukumia kitabu. "Hapa. Soma. Haraka, mwanangu!"

"Nisomee hapa, au kule?"

Nyuma ya ukuta watu walikuwa wakipiga ndoo. Bibi Ishi akasikiliza, akajikuna shingo. "Maji yamepoa, hatazimia mtu. Nenda kule. Mimi nakaa chini ya kiti chako, kwa hiyo paza sauti. Na yule wa mikeka atoke majini!"

Tamayo akapanda. Safari hii hakuwa amepata asubuhi ya kutangulia, hivyo alisoma neno kwa neno, akiwa gizani sawa na wao. Nyundo iligonga. Wenzake wakasikia. Chuma kikakatwa. Mkono ulipochomoza juu ya bahari na kushika kamba, kelele zililipuka pande zote mbili hadi mbwa wa mferejini wakabweka. Muuza tofu alilia waziwazi. Bwana Hamaguchi, uchi na kitambaa chake kichwani, aliupigia ukuta makofi.

"Haya," sauti ya Bibi Ishi ikatoka chini ya kiti. "Kesho tunamsoma nani?"

Matsunoyu ilibomolewa miaka mingi baadaye, pakawa maegesho ya magari. Tamayo sasa anaishi Sakai kwa binti yake, ghorofa ya tatu, na kila Jumatano huenda kwa miguu maktaba ya mtaa kuazima kitabu.