Ajenda Saba na Uji wa Mama

Kuna watu pale Kayole ambao mpaka leo huniita Mheshimiwa Ajenda, na mimi hucheka nao, maana nikikasirika watauliza kwa nini, na nikieleza nitalia mbele yao. Nyinyi nitawaeleza mara moja tu, aibu yote, halafu tuongee mengine.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Bungoma, na hata wiki mbili hazikuisha, kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukabaki hauna nguvu kabisa. Akalazwa. Kila nilipofika kumwona (nilikuwa karani wa kiwanda cha sabuni kule Industrial Area) alikuwa na jambo moja tu, uji wa asubuhi. Uliletwa kikombe kimejaa, ukawekwa juu ya kikabati upande ambao hakuweza kuufikia, na wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, basi ulikaa pale mpaka ukapoa na ukaondolewa. Sisi jamaa hatukuruhusiwa kuingia kabla ya saa saba mchana.

"Wafula, baba, waambie wakuruhusu uje asubuhi uninyweshe," aliniambia. "Ni hilo tu."

Bahati ikaja. Matroni mpya alitangaza kwamba Jumamosi, ile saa ya kuwaona wagonjwa, tukutane na wakubwa wa hospitali, wagonjwa na jamaa zao, tuseme tunataka huduma iboreshwe vipi. Siku zile tulizoea kuambiwa, kuulizwa lilikuwa jambo geni. Akatafuta mtu wa kuongoza upande wetu, na kabla hajamaliza kuuliza mkono wangu ulikuwa juu. (Nilikuwa katibu wa chama cha watu wa kwetu, na katibu wa kamati ya kanisa pia, na kusema kweli nilishaanza kuamini kwamba mkutano bila mimi si mkutano.)

Sasa oneni ujinga wangu. Ijumaa nilibaki kazini nikapiga taipu ajenda saba: maombi, utambulisho, hotuba ya mwakilishi wa jamaa (yaani mimi), usafi, maji, shukrani, na ya mwisho, mengineyo. Uji wa mama nikauweka kwenye mengineyo. Nilijiambia haitapendeza mwakilishi kuanza na mambo ya mama yake mzazi.

Siku yenyewe nikafika na suti ya kaunda, kalamu mbili mfukoni. Mama akaletwa na kiti cha magurudumu, akawekwa mbele kabisa, kitambaa kichwani, macho kwangu. Daktari mkuu akaingia akasema ana nusu saa. Mimi nikampa mzee mmoja nafasi atuombee, naye akaombea wodi zote, akaombea serikali, akaombea mvua, kisha nikataka kila mtu asimame ataje jina, mtaa na mgonjwa wake, watu zaidi ya thelathini, halafu ndipo nikafungua hotuba yangu ya kurasa nne. Jamaa mmoja wa Mathare, aliyekuwa na ndugu yake wodi ya wanaume, akasema kwa sauti, "Buda, punguza stori, saa inaenda." Nikamwambia apitishe maoni yake kwa mwenyekiti. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Nilipofika kwenye shukrani nikawa namsifu daktari mkuu kwa moyo wake wa kusikiliza wananchi, nikainua macho, kumbe ameshaondoka zamani, na mimi ninasifu kiti. Watu wakaanza kucheka chini chini. Ndipo mama akasema, polepole kwa sababu ulimi ulikuwa mzito, lakini ukumbi mzima ulisikia, "Wafula, keti. Ya watu wote umesema. Yangu umeyaweka wapi?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mama, yako yamo kwenye ajenda ya saba."

Ukumbi uliangua kicheko ambacho bado ninakisikia, na kengele ya kumaliza saa ya wageni ikalia juu yake. Mama hakucheka. Akamgeukia matroni akaeleza shida yake mwenyewe, kwa maneno machache sana. Matroni akaandika, kisha akasema kwa upole kwamba saa za kuingia hazibadilishwi na yeye, ruhusa ni ya daktari mkuu, na daktari mkuu atakaa nasi tena mwezi ujao. "Angekuwa bado yuko hapa, leo hii angekubali," akasema. Hakuniangalia aliposema hivyo, na ninamshukuru.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nikaenda na chupa ya uji, bawabu akanirudisha. Jumanne vilevile. Nilienda hivyo karibu kila siku, na mama alifariki wiki ya tatu, asubuhi, mimi nikiwa nimesimama nje ya lango.

Mkutano uliofuata nilienda, ingawa sikuwa tena na mgonjwa. Nikaomba nafasi nikasema, mruhusu mtu mmoja aingie asubuhi amlishe mgonjwa wake, nikaketi. Daktari mkuu akamuuliza matroni kama kuna ugumu, matroni akasema hakuna, na ombi likapita hata kabla sijaweka kofia yangu magotini.

Tangu hapo sijakubali kuongoza mkutano wowote, hata wa harusi. Ila asubuhi nikienda kazini huwa napitia lile lango makusudi, naona watu wanaingia na chupa zao na bawabu anawasalimia tu, na natamani, jamani, natamani sana na mimi ningekuwa na mtu mle ndani anayeningoja.