Bwana Baridi wa Chini ya Bafu

Katika shamba moja la chai upande wa Kiptere, mpishi wa bangalo la meneja aliitwa Gekara, na siku sita za wiki alikuwa mkweli wa kuchosha. Ukimuuliza kama nyama imeiva, alikwambia haijaiva, hata kama njaa imekukaba shingo. Lakini Jumapili baada ya chakula cha mchana, akishaketi juu ya debe nyuma ya jikoni, alidanganya mpaka majani ya chai yakasimama.

Kosa lilikuwa la mzungu. Bwana Ridley, meneja wa mwisho mweupe pale shambani, alikuwa kapera, na kapera wa kizungu akinyeshewa Kericho ana njia mbili: kunywa, au kunywa akicheza. Yeye na rafiki zake walichagua ya pili. Walikuwa na sanduku lililotoka Ulaya, na ndani yake dadu za ajabu. Moja ina ncha kama paa la kanisa, nyingine ina nyuso ishirini na haitulii mezani. Mmoja wao anakuwa mwenye hadithi. Anasema: mko mbele ya ngome kuukuu, radi inapiga, mlango unajifungua wenyewe, ndani kunanuka kaburi. Mnafanyaje? Wenzake, kila mmoja akijifanya mtu fulani, huyu shujaa wa upanga, yule mchawi, wanajibu watakalofanya, halafu dadu inaamua kama umeponea au umeliwa. Watu wazima wenye ndevu na digrii walipigiana kelele kwa sababu ya popo ambaye hayupo.

Siku rafiki mmoja alipohamishwa kwenda Malawi, wakabaki bila padri wa mchezo, na bila padri majeruhi hawaponi. Bwana Ridley akageuka, akamwona Gekara amesimama na bakuli la supu.

"Gekara, keti hapo. Wewe ni padri."

Basi Msabato wa Nyamira, aproni kiunoni, akapewa upadri kabla supu haijapoa. Aliwaponya wazungu wale miezi mingi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia asante bila kuomba chumvi.

Bwana Ridley alipofunga virago kurudi kwao, aliacha sanduku. Bangalo likabaki tupu likimngoja meneja mpya, Bwana Muturi, kijana wa Nyeri ambaye sifa zake zilifika kabla yake: ana elimu, ana Peugeot, ana mke. Hilo la mke ndilo lililomnyima Gekara usingizi. Meneja huajiri watu wa mashine. Mpishi huajiriwa na mke wa meneja. Akimpenda, Gekara atabaki na jiko lake pamoja na kota ya nyuma alimoishi na mkewe Mellen. Asipompenda, ni kurudi Nyamira kwenye kipande cha shamba anachogombania na ndugu zake, ambako hakuna anayejua pudini ni kitu gani wala anayetaka kujua.

Wakati huo hakuwa na wa kumpikia. Mpishi asiye na mlaji ni hatari kuliko askari aliye na bunduki na hana vita. Gekara alitoa sanduku, akaita watu.

Walikuja wachuma chai wa laini za chini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Alikuja Loice, mwanamke wa mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi, aliyesema mtu wake atakuwa shujaa na asiulizwe swali. Alikuja Mokaya, jitu la mabega mapana linaloogopa vyura, akachagua kuwa mchawi ili apige adui akiwa mbali. Walikuja na wengine, wakaketi kwenye nyasi.

Mellen alisimama mlangoni na mwiko.

"Baba Gesare, hizo dadu ni za wale askari waliogawana nguo za Bwana."

"Mama Gesare, hata Mathiya alichaguliwa mtume kwa kura. Soma Matendo."

"Nimesoma. Hawakumweka popo ndani."

Akarudi jikoni, lakini dirisha aliliacha wazi, na siku popo alipomrukia Mokaya, ndani ya jikoni sahani ilivunjika.

Sasa, mchezo ulitaka ngome, na Gekara hakuwahi kuona ngome. Nyumba kubwa ya kutisha aliyoijua ilikuwa moja tu, ile aliyoifagia. Akaichukua nzima nzima. Kichwa cha nyati kilichotundikwa sebuleni akakipa ulimi: ukipita chini yake kinakuuliza swali la Biblia, ukikosa unapigwa pembe. Kabati la nguo la chumba cha wageni akalitia bibi harusi asiye na kichwa. Na bafuni, chini ya lile bafu la chuma lenye miguu ya simba, akamlaza mwenye ngome, mzungu aliyekufa zamani na kukataa kuzikwa, anayekunywa damu jioni kama wengine wanavyokunywa chai. Wachezaji walimwita Bwana Baridi. Walimfuata kutoka chumba hadi chumba Jumapili nyingi, wakiliwa, wakifufuka, wakigombana, mpaka wakafika kwenye mlango wa bafuni. Hapo mvua ikawatawanya, na Gekara akasema watamaliza siku nyingine.

Ambalo hakulifikiria, yeye mwenye akili zote hizo, ni hili: wale watu hawakuwa wamepita mlango wa jiko la bangalo hata siku moja. Yote waliyojua kuhusu ndani yalitoka kinywani mwake.

Bi Priscillah, mke wa meneja mpya, alikuja kabla ya mumewe kukagua nyumba. Alishuka kwenye lori la vyombo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya chai, mama mnene wa haraka mwenye kitambaa kichwani na funguo kiunoni. Gekara alimpokea kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata.

"Karibu, memsabu."

"Memsabu ni nani? Mimi ni Mama Bilhah. Wewe ndiye mpishi? Tutaona. Nyumba kwanza."

Nyapara alikuwa ametoa watu kutoka shambani waje kupakua lori. Gekara akawatazama ni nani na nani. Loice mbele, Mokaya nyuma, na wale wengine wa kwenye nyasi. Na kila mmoja alikuja na ufito wake, ule mti mrefu mwembamba ambao mchuma chai huulaza juu ya michai ili aone ni jani gani limezidi kimo.

"Hizo fimbo za nini? Kitanda hakichumwi," alisema Mama Bilhah.

"Ni za usalama, mama," alijibu Loice.

Wakaingia. Mama Bilhah, ambaye maishani alikuwa ameona wapagazi wavivu, walevi na wezi, hakuwa ameona wa aina hii. Loice alitangulia akigonga sakafu kwa ufito, ubao kwa ubao, kabla ya kuweka mguu. Nyuma yake wawili walibeba kochi wakitembea kinyumenyume, macho mlangoni. Mokaya, mwenye meza ndogo kichwani, alifika chini ya kichwa cha nyati, akasimama wima, akapaza sauti:

"Methusela!"

Nyati hakusema kitu. Mokaya akapita, jasho likimtiririka.

"Methusela ni nani?" aliuliza Mama Bilhah.

"Ni jibu, mama. Swali sijui, lakini mara nyingi ni Methusela."

Walipofika chumba cha wageni wakakataa kukaribia kabati. Walipofika bafuni, wakaweka vyombo chini na kusimama kama watu waliofika kwenye msiba.

"Hapa hatuingii," alisema Loice.

"Kuna nini?"

"Kuna mwenyewe, mama. Yuko chini ya bafu. Amelala saa hizi, lakini tukigonga ataamka."

Mama Bilhah alirudi hatua moja. Alikuwa mtu wa kanisa, na watu wa kanisa ndio wanaojua mashetani kwa majina. "Ngai! Mungu wangu! Wewe mpishi! Umekaa hapa miaka yote hiyo. Ni kweli?"

Gekara aliiona kazi yake imesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja nje. Akisema ni kweli, mama atageuza lori na kutafuta nyumba nyingine mjini, na bangalo litafungwa pamoja na jiko lake. Akisema ni uongo wake, nani ataajiri mpishi anayefuga maiti bafuni?

"Ni mchezo, Mama Bilhah," alisema. "Tulikuwa tunacheza. Nyinyi, waambieni ni mchezo."

"Ni mchezo, ndiyo," alisema Mokaya. "Lakini nyumba si mchezo. Nyumba ndiyo hii, na kila kitu ulichosema kiko. Nyati yuko. Kabati iko. Bafu ina miguu. Sasa kwa nini Bwana Baridi peke yake ndiye akose?"

Hapo hata mwenye digrii angekwama.

"Basi amekufa!" Gekara alipiga kofi. "Mimi ndiye mwenye hadithi. Nasema Bwana Baridi amekufa leo asubuhi. Ingieni."

Wachuma chai walinung'unika kama siku mizani ya chai inapowapunja.

"Hapana, mogaka, mzee wetu," alisema Loice. "Mokaya ameng'atwa mara mbili kwa dadu, mimi nimepoteza mkono kwa dadu, halafu yeye afe kwa mdomo wako tu? Lete sanduku. Afe kwa haki."

Ikawa ni kucheza, mchana kweupe, kwenye meza ya veranda, dereva wa lori akipiga honi. Mama Bilhah alikaa juu ya kreti la vyombo vyake akifyonza meno. Mellen alichungulia, akaona mambo yalipofikia, akaenda jikoni kwa sababu kuku wa kumkaribisha mgeni alikuwa motoni na mwenye kuku amekwisha kuwa mwendawazimu.

Loice alirusha dadu kuinua bafu. Akakosa. Mokaya akatupa moto wa kichawi, ukachoma pazia. Bwana Baridi akaamka. Kwa mara ya kwanza Gekara aliogopa jini lake mwenyewe.

"Anaamka," alisema, "lakini... anakohoa. Ni mzee. Miguu imevimba."

"Jumapili ile alikuwa na nguvu ya tingatinga!" Loice alifoka. "Leo anakohoa?"

"Ni hii baridi ya Kericho."

"Acha kutuibia, baba. Mpe nguvu zake."

Akampa nguvu zake, na zilitosha kumwangusha Mokaya, aliyelala chali verandani kwa hiari yake, na mwingine aliyekimbilia kwenye lori. Loice akabaki peke yake, mkono mmoja, ukuta nyuma.

"Ngojeni," Mama Bilhah alisema. Kreti lilikuwa limesogea mezani bila mtu kuona limesogeaje. "Huyo mtu ni mfanyakazi wa kampuni?"

"Nani, mama?"

"Huyo Baridi. Ana kazi hapa?"

Gekara akafikiri. "Alikufa zamani. Hana kazi."

"Na nyumba ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Sasa mnampigia moto wa nini? Kazi ikiisha, nyumba unarudisha. Bafu si ya mama yake. Mwambie ana mpaka saa sita atoe vitu vyake."

Loice aliweka dadu chini. Hakuna aliyekuwepo ambaye hakuwa ameona kitanda cha jirani kikitolewa nje kule laini siku kazi yake ilipokwisha, magodoro kwenye mvua, watoto wamekalia sufuria. Kwa panga ungeweza kubishana, kwa moto pia. Kwa hilo hakuna aliyewahi kubishana akashinda.

"Anaweza kukataa," Gekara alinong'ona. "Lazima urushe."

Mama Bilhah aliichukua ile ya nyuso ishirini, akaipulizia, akaitupa mezani kama anayefukuza kuku. Ikazunguka, ikagonga bakuli la sukari, ikatulia. Ishirini.

Hata Mokaya alifufuka. Gekara, machozi karibu yamtoke kwa furaha, akasimulia jinsi Bwana Baridi alivyotoka kupitia jikoni, jeneza kichwani, akishuka njia ya Kiptere bila kuangalia nyuma. Wapagazi wakabeba kitanda wakaingia nacho wakiimba, na fito zikabaki nje.

Hapo ndipo Mama Bilhah alipomgeukia Gekara.

"Na wewe. Mzungu wako aliondoka lini?"

"Ni... ni miezi kadhaa, mama."

"Kazi yako iliisha lini?"

Gekara akaanza kukusanya dadu, moja moja. Aliyesimulia ngome nzima alikosa neno moja la kuitetea kota ya vyumba viwili.

Mellen akatokea na sinia. Kuku alikuwa mwekundu kama inavyopaswa, viazi vimekauka pembeni, mchuzi umetulia. Mama Bilhah alionja akiwa amesimama, akaonja tena akiwa ameketi, kisha akaacha kuonja akaanza kula.

"Nani amepika?"

"Ni mimi," Mellen alisema. "Yeye alikuwa na shughuli."

"Utaanza Jumatatu. Kota ni ya mpishi, kaa nayo. Mume unaweza kumweka au kumtoa, hiyo ni yako."

Mellen alimtazama Gekara kuanzia kola ya kanzu mpaka pindo.

"Nitamweka," alisema. "Lakini achume chai."

Jumatatu Mellen alifunga ile aproni, akapokea funguo za stoo, akaingia kwa mlango wa jikoni. Gekara akateremka shambani na kikapu mgongoni, mikono yake laini ya unga ikikwaruzwa na michai, nyapara akimfokea kwamba anachuma matawi badala ya majani mawili na kichipukizi. Loice alikuwa mstari wa pili, akichuma bila kutazama.

"Mogaka, pole. Utazoea."

"Nimeshazoea," alisema Gekara, akinyoosha mgongo. Ukungu ulikuwa chini, miguuni, na michai imekaa juu yake kama meza zisizo na watu. Akautazama kidogo. "Loice. Umewahi kujiuliza kuna nini huku chini, kwenye mizizi, mahali mkono haufiki?"

Vidole vya Loice vikasimama. Wa mstari wa tatu wakasimama. Nyapara akapiga filimbi, akatukana, akapiga tena, kisha na yeye akasogea karibu kidogo, ati aangalie wanachochuma.