Rejeta ya Lori la Mbwana

Zaidi bin Athuman alikuwa fundi wa shaba, mtu wa Kondoa aliyeletwa Dodoma na reli, akafanya kazi katika karakana ya serikali. Alikuwa hodari, hakuna ubishi, ila alikuwa na ugonjwa wa mafundi: ukimuuliza jambo la kazi, hakuweza kusema hajui. Ugonjwa huo ulimfikisha pabaya.

Katika mwaka wa pili wa vita ya Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala, na Waingereza, rafiki yake Mbwana, dereva wa lori la serikali, alimuuliza afanye nini rejeta ikianza kuvuja njiani. Rejeta ni ile sega ya shaba iliyo mbele ya gari, inayopoza maji ya injini. Zaidi aliwahi kuziba bomba la stesheni kwa mlenda wa unga, huu huu tunaolia ugali, ukashika siku mbili. Basi akajibu bila kupepesa macho, "Tia mlenda viganja viwili. Utaziba."

Mbwana alicheka, akaenda zake. Hakurudi. Lori lilikutwa limesimama katika njia ya Chemba, naye akakutwa mwendo wa saa moja mbele yake, amekufa kwa kiu. Wadachi wakasema aliliharibu makusudi apate kukimbilia kwa Waingereza, na maneno ya mwenye bunduki husadikiwa upesi. Tabu, mkewe, alikaa eda ya aibu. Majirani walimpa pole huku wakitazama chini.

Zaidi alijua kilicholisimamisha lile lori, au alidhani anajua, akanyamaza. Hamsa ishirini za kiboko si mchezo, na Wadachi walikuwa na kamba ya kunyongea pia. Lakini tangu hapo hakuweza kukaa karibu na chungu cha maji motoni. Yakianza kutokota alisikia mtu anakohoa ndani yake, akatoka nje na kuacha chakula.

Mwezi wa tano tangu mazishi, motokaa ya Bwana Mkubwa, Mdachi msimamizi wa karakana, iligonga kisiki, rejeta yake ikapasuka katikati, haifai hata kulehemu. Ya kuagiza Ulaya haikuwepo, maana manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari. Zaidi akapewa wiki moja atafute nyingine popote. Alipima ya mashine ya kusukuma maji stesheni. Ilikuwa ndogo, sawa na kumvisha mzee kofia ya mtoto. Ikabaki moja tu. Karakana nzima waliijua na hakuna aliyeitaja, mpaka Bwana Mkubwa mwenyewe alipoitaja.

Zaidi alikwenda na wapagazi wawili na kamba ya mafundo, kila fundo kipimo kimoja cha motokaa: upana, urefu, mdomo wa juu, mdomo wa chini. Walilikuta lori limeinama mchangani, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani. Upepo ulipita katika rejeta ukitoa mluzi mwembamba, na wapagazi wakakataa kusogea.

"Salaam aleikum, Mbwana," Zaidi alisema, akajiona mpumbavu. Kisha akajikuta anangoja aitikiwe.

Akapima. Rejeta ilizidi kwa upana wa vidole vinne, na mdomo wake wa chini ulikuwa kushoto, ilhali wa motokaa ulikuwa kulia. Hayo yanatengenezeka. Kilichomshinda ni kufungua kifuniko. Aliing'oa nzima, akaivisha gunia, akawabebesha wapagazi. Njia yote ya kurudi alitangulia mbali, asiisikie ikitikisika.

Karakana alikata vishikio vya zamani, akavisogeza nje vidole viwili kila upande. Akakunja bomba la shaba lipite chini ya injini kutoka kushoto kwenda kulia, akaliunga kwa mpira wa pampu. Alijaribisha mara tatu, na mara ya tatu ikakaa. Akaitoa tena, maana kazi iliyobaki ilikuwa kuiosha, na hiyo alikuwa ameiahirisha mpaka siku ya mwisho. Siku hiyo Tabu akaja.

"Shemeji," alisema mlangoni, "nasikia umeleta kitu cha gari lake. Niache nikione."

Angemkataliaje? Alifungua kifuniko mbele yake, akamimina maji ya moto, akaiinamisha. Kwanza yalitoka maji ya kutu. Kisha ukatoka mlenda, mweusi, ukivutika mpaka chini bila kukatika, na karakana yote ikanuka jiko.

Tabu alichuchumaa akaushika.

"Huu nimeusaga mimi," alisema. "Aliniomba mfuko mzima asubuhi ile, nikadhani ni wa kula. Kumbe hakukimbia. Gari lilimzibia." Akaunusa. "Na mimi ndiye niliyempa."

"Si kosa lako, shemeji."

"La nani basi? Nani alimwambia autie humu?"

"Sijui," alisema Zaidi, na aibu ikamjaa mpaka akashindwa kuinua uso.

Hapo Sila akasogea, dereva mpya wa motokaa, mtu wa Kizota mwenye watoto watatu. Alikuwa ameutazama ule mlenda kwa hamu.

"Fundi, kumbe mlenda unaziba? Maana kesho twaenda Kondoa, na hii ikianza kuvuja sijui nitafanya nini. Mke wangu anao tele."

Zaidi alimtazama Sila, akamtazama Tabu. Bwana Mkubwa alikuwa ofisini, ukuta mmoja tu kati yao.

"Usitie mlenda," alisema. "Unaziba tundu, kisha unaziba na njia zote za maji. Injini inachemka, unaimwagia maji yako ya kunywa mpaka yanakwisha. Hivyo ndivyo alivyokufa Mbwana. Na mimi ndiye niliyemwambia autie."

Mafundi wote waligeuka. Tabu alisimama, akafuta vidole kwenye kaniki yake. Alianza na Sila.

"Kaka, maji yako ya kunywa ni yako. Gari likishikwa na kiu, liache life."

Kisha akamgeukia Zaidi.

"Miezi mitano mume wangu anaitwa msaliti, nawe unapita mlangoni pangu, 'umeamkaje shemeji, umeamkaje shemeji.'" Sauti yake haikupanda. "Leo siwezi kukusamehe. Njoo kesho uniulize tena, na uje mchana, majirani wakiwepo."

Kesho yake Zaidi alikwenda, mgongo umevimba kwa kiboko cha Bwana Mkubwa. Akasema yote mbele ya watu, akaambiwa aje kesho. Aliendelea kwenda mpaka Wadachi walipouhama mji, na hata baada ya hapo. Kila alipofika alikuta ametengewa kigoda, na jibu lilikuwa lile lile.