Herufi Kumi na Tatu Juu ya Bati

Mke wangu ameuandika mji huu mzima. Bucha, kinyozi, zahanati, "Usikojoe hapa", yote ni mkono wake. Watu wanamwita Brashi, na akinikasirisha hata mimi namwita Brashi, nikiwa nimesimama mbali kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu naifanya nimekaa, naomba lieleweke, kwa sababu mwezi uliopita nilipandishwa juu ya paa.

Kibao chochote yeye hukilaza chini uani, akapiga magoti na kuanza. Binti yetu alipokuwa mdogo alikuwa anakaa ng'ambo ya kibao, uso kwa uso na mama yake, ameshika kopo la rangi, anauliza hii ni nini, na hii je. Alipoanza shule tukaitwa: mtoto anasoma vizuri, ila kitabu anakishika juu chini. Tulicheka mpaka mwalimu akaudhika. Sasa mtoto huyo ni rubani msaidizi. Kila nikilitamka neno hilo dukani, cherehani inaruka mishono.

Basi, uwanja wetu wa zamani wa mpira ukatiwa lami, ikatangazwa kwamba ndege ya kwanza itatua Jumamosi, na mmoja wa marubani wake ni binti yetu. Kamati ikamwita Brashi aandike juu ya paa la banda la abiria, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka angani.

"Na wewe usimwambie," alinionya. "Kazi zangu zote amezisoma akiwa chini. Hii nataka aisome akiwa juu."

Alikuwa anatetemeka kwa furaha. Sijapata kumwona vile, hata siku ya harusi yetu, na siku hiyo nilivaa suti niliyoishona mwenyewe.

Kamati ikabishana siku mbili. Mwenyekiti alitaka "Uwanja wa Ndege wa Kimataifa".

"Mataifa gani hayo?" akauliza mwalimu mstaafu. Yeye alitaka "Kiwanja cha Ndege", eti mahali penyewe ni padogo. Mlinzi, ambaye kazi yake kubwa mpaka siku hiyo ilikuwa kufukuza mbuzi, alisema yeye anaiita njia ya ndege, maana ni njia moja tu, ya kwenda na kurudi.

Brashi hakubishana na mtu. Alipanda ngazi, akahesabu mabati, akashuka.

"Mabati thelathini. Herufi moja mabati mawili, na kila nafasi kati ya maneno mabati mawili. 'Uwanja wa ndege' inaenea barabara. 'Kiwanja' kinazidi. Hiyo 'kimataifa', mwenyekiti, utasimama nje uishike kwa mikono."

Tukaandika siku mbili. Yeye alitembea juu ya bati kama yuko sebuleni, akiimba. Mimi nilitambaa kwa tumbo na kopo la rangi nyeupe, nikimwomba Mungu anisamehe makosa yote, hata ya vipimo.

Jumamosi asubuhi mlinzi alipandisha mfuko wa kuwaonyesha marubani upepo, akalitazama paa, akasema, "Kazi safi, fundi. Ila ndege yenyewe inatokea kule, mlimani." Akanyoosha kidole nyuma ya banda.

Brashi akautazama mlima, kisha paa. Maisha yake yote ameandika vibao vya kutazama barabara, kwa kuwa wateja wanapita barabarani. Na herufi za paa alikuwa amezisimamisha hivyohivyo, miguu upande wa barabara. Anayetokea mlimani angeziona zote zimepinduka.

"Mume wangu," akasema, "mwanangu nimemwandikia kichwa chini miguu juu."

Akashika ngazi apande tena. Tukasikia mngurumo.

Ndege ikatupitia juu ya vichwa, ikapeperusha kofia ya mwenyekiti, ikazunguka, ikatua. Watu wazima waliruka kama watoto. Hata mimi niliruka, tepu ya kupimia shingoni. Brashi peke yake alikaa chini karibu na kopo lake, amejifunika uso kwa aproni. Iliniuma sana.

Akatangulia kushuka rubani mkuu, anasugua shingo. "Samahani, yale maandishi ya paani ni lugha gani?"

Kabla hajapata jibu, binti yetu akampita mbio, kofia mkononi, akaja kupiga magoti kwenye lami mbele ya mama yake, ng'ambo ya kopo.

"Mama! Nimeisoma tukiwa bado kule mlimani! Mwenzangu anapinda shingo, mimi namsomea: uwanja wa ndege! Nikamwambia huo ni mkono wa mama yangu!"

Brashi akateremsha aproni kidogo, jicho moja likaonekana. "Umeisomaje, mwanangu? Si imepinduka?"

"Kwani mama, mimi nilikuwa nakaa upande gani wa kibao?"

Brashi alimtazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka akalipiga kopo teke, rangi ikamwagikia viatu vya mwenyekiti, na rubani mkuu naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Mimi nililia waziwazi, nikajifuta kwa tepu ya kupimia.