Mama Alipoitwa Malkia

Mama yangu alipewa jina la Malkia na mama mkwe wake, na jina hilo lilikuwa tusi. Watu wawili tu mle nyumbani tulijua kuwa ni tusi: bibi aliyelitoa, na mimi niliyelicheka. Mama alilipokea kama zawadi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asije mtu akanionea huruma huko mbele.

Tulikuwa Ibra, mji wa Uarabuni, miaka ya sabini, katika nyumba mpya ya saruji aliyoijenga baba karibu na mitende ya babu zake. Baba alikuwa na kazi serikalini. Alizaliwa Unguja mjini. Mapinduzi yakamtupa Ujiji, na huko akamwoa mama, binti wa Waarabu wa bara. Bibi hakuisamehe ndoa ile. Aliiita ndoa ya ukimbizini, kana kwamba baba aliokota mke njiani kwa kukosa nafasi ya kuchagua. Mama akifungua mdomo na Kiswahili chake cha bara, bibi alikuwa akifumba macho kama anayeumwa na jino.

Bibi mwenyewe alisoma shule ya wasichana ya mjini zama za Mwingereza. Alipokimbia Unguja aliwacha dhahabu, akawacha masanduku, akatoka na kitabu kimoja kakifunga ndani ya kanga: historia ya wafalme na malkia wa Uingereza, zawadi ya mwalimu wake Mzungu kwa kushika nafasi ya kwanza darasani. Ati dhahabu hununuliwa. Kitabu kile kilikaa juu ya kabati lake, na hapana aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa mimi.

Nilikuwa na miaka tisa, mkubwa wa mabinti watatu. Kila siku baada ya sala ya alasiri bibi aliketi kwenye kiti chake, mimi chini kwenye zulia, akanisomesha Kiingereza kwa kitabu kile. Wacha wee! Ile haikuwa historia, ilikuwa umbea mtupu. Yule mfalme mnene aliyeoa wake sita alimzungumza kama jirani wa nyumba ya pili: nani alimtia maneno, nani alimpikia fitina, mke gani alichorwa mzuri kuliko alivyo. Nilimuuliza mbona hakuoa tu mke wa pili akamweka pamoja na wa kwanza, yakaisha. Bibi akacheka sana. Dini yao mke mmoja, akasema, ndiyo maana ilibidi waseme ndoa ya kwanza ilikuwa batili tangu siku ya harusi, na binti wa ndoa ile akageuzwa mwanaharamu kwa karatasi. Sisi mambo yetu mepesi zaidi, akasema.

Yule mke wa kwanza alikuwa Mhispania. Mgeni, mcha Mungu, lugha ya watu anaivunjavunja, mimba zinaharibika, mtoto aliyebaki binti mmoja tu. Na kutwa anashona. Hata mfalme alipokwisha kumchoka, mashati yake alimshonea yeye. Bibi alipofika hapo mama akaingia na sinia ya kahawa, kwapani kabana kofia ya viua aliyokuwa akimdarizia baba. Bibi akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Ahsante, Malkia." Nilicheka mpaka nikalala kwenye zulia. Mama naye akacheka, maskini, akidhani nimefurahi kwa ajili yake.

Miaka kumi alikuwa akiitwa "yule wa bara", na sasa kawa Malkia. Akawa anatembea kakaza shingo. Akawaambia majirani, akamwambia kaka yake, kwamba hatimaye mkwe wake kampenda. Siku moja bibi yuko kuoga, mama akaniomba nimwonyeshe kitabuni ni malkia yupi. Msahafu aliujua kwa kuhifadhi, lakini herufi za Kizungu kwake zilikuwa mistari tu. Mhispania alikuwemo, picha yake naijua, mwanamke mnene wa huzuni na kitambaa kichwani. Nikampita. Nikafunua mbele, kwa yule malkia mwengine mwenye lulu na kola nyeupe pana kama sahani, nikamwambia, huyu hapa. Mama akamtazama sana. Akaizungusha ile kola kwa kidole, hewani, bila kuigusa karatasi.

Sikukuu ya Idd alitoka chumbani na gauni la hariri ya kijani, na shingoni kola ya lesi aliyoikunja mikunjo mikunjo na kuitia wanga ikasimama. Wageni wamejaa. Bibi akamwona, akanigeukia, akaelewa pale pale ni kazi ya nani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na wageni wakacheka bila ya kujua wanachokicheka. Mama kasimama katikati yao na sahani ya halua, anatabasamu, kichwa anakigeuza pole pole kwa sababu kola inamchoma. Bibi alinifinya shavu. Siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Kisha mama akazaa binti wa nne, na mchezo ukawa si mchezo tena. Baba ndiye mwanamume wa pekee aliyebaki katika jina letu. Kila Ijumaa baada ya chakula bibi alimweka baba mbele yake akamzungumza: kuna msichana wa mji wa Nizwa, watu wa nasaba, mabinti wa nyumba ile huzaa wanaume. Baba alikuwa mtu wa kungoja kuambiwa. Lakini moja lilimzuia. Alimwogopa Mungu kwa mke asiye na kosa, na akijua kwamba mama na mke mwenza hawatakaa nyumba moja. Alichokitaka ni sababu ya kumwacha, na bibi akanituma mimi niitafute.

Aliniambia kila jumba la kifalme lina mtu wa kusikiliza, na yule anayesikiliza vizuri ndiye anayekumbukwa. Akaniambia pia kwamba mfalme mnene alihangaika na wake sita kwa ajili ya mtoto wa kiume, na mwisho wa yote kiti kikakaliwa na wanawake. Nishike upande wake tu. Basi nikawa nakaa jikoni nachambua mchele, masikio yangu kwa mama.

Haikuchukua wiki. Mama alikuwa akikatakata vitunguu, na mdogo wangu kamlalia mgongoni. Akasema, si kwangu hasa, akiwaambia vitunguu, "Akimleta huyo mwanamke humu ndani, afadhali aniache." Pale pale kisu kikasimama. Akasema astaghfirullah, ananena nini yeye, aachwe aende wapi na watoto wanne, akimleta atavumilia, atamfundisha hata jiko. Yote mawili aliyasema kwa pumzi moja. Mimi nikampelekea bibi la kwanza.

Ijumaa ile baba alituita sote. Alimuuliza mama kama kataka talaka. Mama akasema hapana, anashangaa. Bibi akasema mtoto aulizwe. Baba akanigeukia, na nikaona kabisa kwamba alitaka nimwokoe na lile jambo, maana aliniuliza pole pole.

"Mama yako kasema aachwe?"

"Kasema."

"Na baada ya hapo hakusema kitu kingine?"

"Hapana."

Mama alinitazama. Hakunikana, hakunikemea, hakusema kwamba nimekata maneno yake nusu. Mpaka leo nasikia hasira nikikumbuka alivyonyamaza, kwani angenipiga kofi mbele yao ningelia, na ningelia ningesema yote. Baba akatamka talaka moja. Bibi akaongeza kwamba eda akaikalie kwa kaka yake, nyumba ina maandalizi.

Kaka yake mama alikuwa na duka la matairi katika mji wa al-Kamil wal-Wafi, kwenye barabara ya Sur. Alikuja na pikapu yake, uso kaukunja, hakunywa hata maji yetu. Mama akapakia masanduku mawili na wadogo zangu watatu. Mimi baba aliniambia nina akili zangu, nichague. Nikasema nina masomo. Bibi akaniwekea mkono kichwani. Mama alinirekebisha ushungi, akanikumbusha nisiache kula asubuhi, akapanda gari. Kola yake ya lesi aliiwacha imening'inia msumarini chumbani.

Yule bibi harusi wa Nizwa aliingia kabla ya kusi kwisha kuvuma. Eda ya mama ilipomalizika, dereva mmoja wa Sur alituletea kifurushi, ndani yake ile kofia ya viua, imemalizwa, imefuliwa, imepigwa pasi. Baba akaivaa na ikamkaa sawasawa. Mkewe mpya, tayari ana mimba, alimvua kichwani tukiwa tunakula, na kesho yake nikaikuta uani imetiwa vibanio vya nguo. Bibi akaniinamia sikioni. "Mashati ya mfalme," akasema. Ningependa kuandika kwamba safari hii sikucheka. Nilicheka.

Mtoto alikuwa mwanamume. Siku ya kumtoa nje ilipopita nilimwendea bibi baada ya alasiri kama kawaida yetu, nikamwambia shikamoo, nikakaa zuliani. Kampakata yule mtoto kwenye kile kiti. Nilipoinuka kuchukua kitabu akanizuia, akasema kitabu kile sasa kina mwenyewe, nikafue nepi. Nikadhani ananitania. Nikamkumbusha ahadi yake: kwamba hata binti wa yule Mhispania mwishowe alitawazwa.

Bibi akanitazama vile vile alivyokuwa akimtazama mama akisema Kiswahili cha bara.

"Alitawazwa ndugu yake wa kiume alipokufa," akasema. "Wewe unamwombea nini ndugu yako?"

Nikaenda kufua. Nikafua miaka. Nyumba nzima nikawa naitwa "yule wa Mspaniola", jina ambalo bibi aliwafundisha wote, hata mke mpya ambaye hakujua Hispania iko upande gani wa dunia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kutoka Ibra mpaka al-Kamil si mbali, gari la baba lilipita pale kila akienda Sur, na mama aliniletea salamu kwa kila mdomo uliokuwa ukija. Nilijibu nina mtihani. Mitihani ikaisha, nikajibu naumwa. Niliona haya, huo ndio ukweli, na haya zile nikazivalisha kiburi. Bibi alipofariki nilimlilia kuliko wajukuu wote, Mungu anisamehe, na kitabu kikaenda kwa yule mtoto, akakichorachora magari.

Miaka minane ilipita. Nikaposwa, na watu wa mume wakauliza mama wa bibi harusi yuko wapi. Hapo ndipo nilipopanda gari kwenda al-Kamil. Sikwenda kwa sababu nimemkumbuka. Nilikwenda kwa sababu nilimhitaji.

Mama alinipokea mlangoni, kanenepa, kavaa miwani. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba, akanikalisha kwenye mto mzuri wa wageni. Akaniletea tende, akaniletea kahawa, akamimina kwa mkono wa kushoto na kikombe kanipa kwa wa kulia, kama anavyopewa mgeni. Nikasema nilichokijia. Akasema atakuja, inshallah, na kola hatavaa. Nikadhani ametania, nikainua uso.

Alikuwa amesoma. Serikali ilifungua madarasa ya watu wazima, akaenda miaka yote ile, na sasa Kiarabu anakisoma kama maji. Akainuka akaja na kitabu ambacho mdogo wangu alikiazima shuleni, historia ya Waingereza kwa Kiarabu. Akakifungua palipo na kijiti cha kiberiti.

Aliniambia kamsoma malkia wake. Kamtafuta mpaka kampata, kwa lile jina la Mspaniola lililomfikia kwa midomo ya watu. Aliniambia ile picha niliyomwonyesha ilikuwa ya binti wa mwanamke aliyemtoa Mhispania nyumbani mwake, na yeye mwenyewe, mama yangu, akajishonea kola ile akaivaa mbele za watu. Alisema bila ya hasira, kidole kinatembea juu ya mstari, midomo inafuata. Nilianza kumwomba radhi. Akainua mkono ninyamaze, hajamaliza ukurasa.

"Wameandika alikufa katika nyumba ya baridi, hakumwona tena mtoto wake. Mtoto aliomba aende, baba yake akamkataza." Akavua miwani. "Wewe alikukataza nani?"

Nikasema hapana mtu.

Akaitikia kwa kichwa, akafunga kitabu. Kisha akalishika dele la kahawa juu ya kikombe changu na kungoja, kama anavyongojewa mgeni, ama asogeze kikombe aongezewe, ama akitikise kuonyesha kwamba imetosha anakwenda zake. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka, na kikombe kikatikisika chenyewe. Mama akaliweka dele chini.