Shati la Kaki Nyuma ya Mlango

Kila jioni, kabla giza halijashika, shangazi yangu hufagia uwanja. Uchafu wenyewe huwa umeondoka tangu asubuhi. Huchukua ufagio wa vijiti, akaanzia langoni na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, akiuacha mchanga na mistari iliyonyooka kama ya daftari jipya. Alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, hutoka na kanga begani kwenda kusoma.

"Kuku wa jirani kaingia mara mbili," atasema akirudi ndani. "Na yule paka mwenye mguu mbovu. Halafu kuna mtu katoka kwenda chooni na ndala zangu."

"Si mimi," atajibu mumewe, fundi cherehani, akiwa bado kitandani.

"Kisigino cha kushoto kimelalia nje. Nani mwingine humu ndani anatembea kama bata?"

Fundi hajawahi kushinda kesi hata moja ya ndala.

Tabia hiyo shangazi aliitoa kazini. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mpishi wa kampuni inayopeleka watalii porini kwa lori. Ni lori refu lenye viti kumi na sita, mahema yamefungwa juu, na ubavuni kuna masanduku ya vyombo yanayofunguka na kuwa meza ya jikoni. Safari huchukua siku nane. Asubuhi na jioni wageni hutazama wanyama. Mchana hupelekwa kwa wenyeji, wakakae na warina asali, wahunzi au wafinyanzi, wajionee kazi na waijaribu kwa mikono yao. Jua likielekea kuzama, mahema hupigwa mahali pengine.

Kazi yenyewe aliipata kwa bahati. Mumewe ndiye aliyekuwa akishona mahema ya kampuni yakichanika. Siku moja fundi alizidiwa na sare za shule, akamtuma mkewe apeleke mahema matatu yaliyokwisha kushonwa. Shangazi alikuta lori limepakiwa, wageni wameketi, na meneja anazunguka uani ameshika kichwa. Mpishi alikuwa amehamia kampuni nyingine asubuhi ile ile, bila hata kuaga.

"Mama, unajua kupika?" meneja akamuuliza.

"Kwani wewe unajua kula?"

Aliondoka na nguo alizovaa. Jioni mlinzi wa kampuni alibisha kwa fundi na ujumbe mfupi: mkeo kaenda porini, atarudi Jumanne ya wiki ijayo.

Usiku wa kwanza alifagia kuzunguka jiko kwa sababu tu palimuudhi kwa majani makavu. Asubuhi akakuta alama moja ya mguu, ya duara, pana kama sinia, katikati ya jiko na hema alimolala. Tembo alikuwa amepita pale, na yeye hakusikia hata kijiti kuvunjika. Tangu siku hiyo hakulala kambini bila kufagia, wala hakuwasha moto bila kusoma. Mwanzoni aliuliza kila mtu: hii ya nani, ile ya nani, mbona kwato hizi zimezama mbele kuliko nyuma? Baada ya miaka mitatu hakuuliza tena. Wao ndio walikuwa wakimuuliza.

"Mama, gazeti linasemaje leo?" waongozaji walinong'ona wakichukua chai. Naye aliwaambia. Kisha wakaenda kuwaambia wageni kana kwamba wameona wenyewe.

Aliyezidi kwa hilo alikuwa mwongozaji mkuu, ambaye kambi nzima ilimwita Darubini, kwa kuwa darubini yake hakuivua shingoni hata akienda kuoga. Asubuhi moja shangazi alimwambia, huku akimkatia mkate, kwamba chui jike alikuwa amepita na mtoto mmoja. Kabla mkate haujaisha, alimsikia upande wa pili wa lori: "Kwa uzoefu wangu, ndugu wageni, huyu ni jike. Na nahisi ana mtoto." Wageni wakapiga makofi.

Shangazi aliweka kisu chini. Aliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kuchukua fomu ya mtihani wa uongozaji.

Mtihani huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuandika. Kwa mwaka mzima alimenya viazi huku nikimsomea maswali kutoka kwenye kitabu cha ndege na wanyama, na akifika mahali asipokubaliana na kitabu, aligomba na kitabu. Alifaulu. Sehemu ya pili hufanyika porini: unaongoza wageni wa kweli kwa siku tatu, mtahini akikufuata na daftari. Nafasi ni mbili tu. Ukianguka ya pili, jina lako halipokelewi tena maisha yako yote.

Fundi hakusubiri matokeo. Alimshonea mkewe shati la kaki la waongozaji, lenye mifuko minne, na juu ya mfuko wa kushoto akaimarisha kitambaa kwa mshono wa pili ili beji isije ikakichana. Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani.

"Nikishindwa je?" shangazi aliuliza.

"Basi mlango utakuwa na shati."

Nafasi ya kwanza iliharibiwa na wali. Shangazi alikuwa na wageni watano kwa miguu, hatua mia tatu kutoka kambini, akiwaeleza habari za twiga kwa ufasaha, hadi upepo ulipogeuka. Pua ya mpishi haina likizo. Alinusa wali unaanza kushika chini, na mpishi aliyeazimwa kushika jiko lake haonekani. "Nakuja sasa hivi," aliwaambia wageni. Akaenda. Akaepua sufuria, akapunguza moto, akarudi mbio, na mwiko ungali mkononi.

Mtahini aliandika mstari mmoja tu: ameacha wageni porini. Hakuna kosa kubwa zaidi ya hilo katika kazi ile. Tangu siku hiyo Darubini alimwita Mama Mwiko, na jina likashika.

"Mama Mwiko, vipi," alikuwa akimwuliza mbele ya watu, "tembo akija utampiga na nini?"

Shati lilikaa nyuma ya mlango miaka miwili. Shangazi aliomba mara moja litolewe, akasema linamtazama akilala. Fundi alilitoa, akalifua, akalipiga pasi, akalirudisha pale pale.

Nafasi ya pili ilikuja mwaka jana. Yaliyotokea nimesimuliwa na shangazi, na dereva wa lori, na Darubini mwenyewe, na kwa jambo la ajabu wote watatu wanakubaliana.

Siku ya kuondoka, mpishi wa kuazima aliamka na homa. Meneja alitazama huku na huku, macho yakatua kwa Darubini. "Wewe si husema kupika si kazi?" alimwambia. "Basi pumzika. Jiko ni lako."

Siku mbili zilikwenda vizuri. Asubuhi ya tatu, ratiba ilisema wageni sita watembee kwa miguu hadi kwa wafinyanzi, saa moja kwa njia inayopita katikati ya kichaka kikubwa. Alfajiri shangazi alikwenda kusoma. Jioni alikuwa amefagia mpaka mwanzo wa njia ile, na mwanzoni pale alikuta kwato za nyati. Mmoja, peke yake, mzee, anaburuta mguu wa nyuma. Umande ulikuwa umedondoka kutoka mitini na kuuchora mchanga wote vidoa vidogo, lakini ndani ya kwato hizo hapakuwa na kidoa hata kimoja. Mnyama alipita umande ukiwa umekwisha kudondoka, karibu na alfajiri. Shangazi alizunguka kichaka kwa mbali, kwenye barabara ya magari, pamoja na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Hakuona alama ya kutoka.

Aliporudi aliwaambia wageni watapita korongoni, kwenye mto mkavu. Saa mbili badala ya moja.

"Kwa nini?" mtahini aliuliza. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia pana na sauti ya karani.

"Nyati mzee, anayeburuta mguu wa nyuma, ameingia kichakani, hajatoka."

"Umemwona?"

"Sijamwona."

Darubini alikuwa anasikiliza kutoka jikoni, aproni kifuani, darubini juu ya aproni. "Mama Mwiko, hizo kwato ni za jana! Nimezipita mimi mwenyewe nikienda kuchota maji."

"Jana umezipita, na mimi jana jioni nimefagia. Zimeota?"

Dereva alicheka hadi akamwaga chai. Mtahini hakucheka.

"Mama," alisema taratibu, "sikuzuii. Lakini ratiba imeandikwa, na wafinyanzi wanasubiri. Ukibadilisha njia kwa mnyama ambaye hakuna aliyemwona, na asionekane, nitaandika kwamba umebadilisha ratiba bila sababu. Unajua hii ni nafasi yako ya pili."

"Najua, baba."

"Unapita wapi?"

Shangazi aliwatazama wageni wake. Walikuwa mume na mke waliostaafu ualimu, dada wawili wenye kofia zinazofanana, na wapiga picha wawili waliobeba vyuma kama mafundi bomba. "Korongoni," alisema. "Twendeni. Mmoja nyuma ya mwenzake."

Walishuka kwenye mchanga wa mto. Aliwaonyesha mahali ndovu walipochimba maji kwa miguu, akawaonyesha kiota, akamwacha mwalimu mstaafu ateleze kwenye kinyesi cha kiboko ili aeleze vizuri kiboko anachokula. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kambini. Na walipokuwa wamefika hatua mia nne hivi, pua yake iliamka.

Maharagwe. Maji yamekauka, yanaanza kushika sufuria.

Dereva, aliyekuja nao siku hiyo kubeba maji, anasema alimwona shangazi akisimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari umegeuka kuelekea kambini. Mtahini naye aliona, na kalamu yake ikatoka mfukoni. Askari akageuza uso, hakutaka kutazama.

Shangazi alivuta pumzi, akapiga chafya kama mtu aliyeingiwa na vumbi, akageuza ule mguu mbele.

"Mnanusa?" aliwaambia wageni. "Hicho ndicho chakula chenu cha mchana kinaungua. Kutoka hapa hadi jikoni ni hatua mia nne, na sisi tumenusa. Sasa fikirini mnyama, mwenye pua mara nyingi kuliko zetu, anajua nini kuhusu ninyi na sabuni zenu."

Wageni wakacheka na kunusa mashati yao. Mtahini aliandika kitu. Hakuna aliyejua ni nini.

Walipanda ukingo wa pili. Kutoka pale kichaka kilionekana chote, ng'ambo ya korongo, na ile njia ya ratiba ikikatiza katikati yake kama mstari wa nywele. Kichaka kilikuwa kimetulia. Shangazi aliwakalisha kwenye jiwe, akawaambia wanywe maji. Dakika tano. Kumi. Mtahini alitazama saa yake.

Ndipo ndege wadogo, wale wanaokula kupe, wakaruka kutoka kichakani kwa pamoja, na chini yao kitu cheusi kikainuka. Nyati alisimama hatua mbili kutoka njiani, pale ambapo wageni wangepita wakiwa wamepangana mmoja mmoja. Alijitikisa vumbi. Alitembea akiburuta mguu wa nyuma.

Wapiga picha walisahau kupiga picha. "Mguu," alisema mwalimu mstaafu, "alituambia hata mguu!"

Mtahini alivua kofia yake pana. Alifunga daftari, akalitia mfukoni, na kwa muda uliosalia hakulitoa tena.

Kwa wafinyanzi walikuta wameshatandikiwa mikeka. Mama mfinyanzi mkuu, ambaye shangazi amemjua miaka yote hiyo, alisimama na udongo hadi viwikoni. "Mmechelewa, lakini mko wazima," alisema. "Sisi siku ya pili hii hatuendi kuchimba udongo kichakani. Kuna mzee mmoja humo ana hasira kama wifi yangu." Wageni walikaa mbele ya magurudumu ya kufinyangia hadi mchana, wakatengeneza vyungu vilivyolala upande mmoja, na mtahini alitengeneza kimoja, kibaya kuliko vyote.

Kambini, Darubini alikuwa amesimama nyuma ya sufuria kama mshtakiwa.

"Yameungua kidogo," alisema.

Shangazi alichungulia. "Yameungua sana."

"Mama..." Lile jina lingine halikutoka. "Mwenzangu. Kesho gazeti utanisomea na mimi?"

"Nitakufundisha kufagia kwanza."

Beji ilifika baada ya wiki tatu. Fundi aliibandika mwenyewe kwenye kitambaa alichokiimarisha, na hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Shangazi alivaa shati akatoka nalo hadi dukani kununua chumvi, ingawa chumvi ilikuwepo. Alirudi kwa kuzunguka mtaa mzima. Majirani walitoka milangoni, na yule jirani mwenye kuku akapiga vigelegele hadi kuku wake wakakimbia.

Jioni hiyo, wakati anafagia uwanja, nilimuuliza swali moja nililokuwa nalo tangu nisikie habari ile: maharagwe yalipoanza kuungua, hakutamani kurudi?

Alifikisha ufagio mlangoni kwanza.

"Nilitamani sana," alisema. "Lakini maharagwe yalikuwa ya Darubini. Wageni walikuwa wangu."